Siku Aliyongoja Kuitwa

Asubuhi ile Ossi aliingia ofisini kwetu saa mbili kamili, kama alivyoahidi, na mume wangu hakumpa kahawa.

Huku Arilje, mji wetu mdogo wa Waserbia, hata mkusanya kodi hupewa kahawa. Yule bwana aliyekuja kutukatia umeme mwaka wa mafuriko alikunywa vikombe viwili jikoni kwangu, akashukuru, ndipo akapanda nguzo. Lakini Ossi, mchumba wa binti yangu Tijana, mtu aliyetoka Ufini kwa ndege mbili, alivuta kiti mwenyewe, akauweka mkoba wake magotini, na meza ikabaki tupu. Tijana alinitazama. Mimi nikageuzia macho dirishani, kule uani ambako wanawake wa zamu walikuwa wakiingia kuchambua rasiberi zilizogandishwa, vile vitunda vyekundu vinavyotulisha.

Nilijua kwa nini hapakuwa na kahawa. Nilijua kuliko wote waliokuwa mle ndani. Ndiyo maana naandika haya, ili mama mwenye binti ayasome kabla hajafungua mdomo wake kama nilivyofungua wangu.

Naitwa Stanojka. Nilisoma madarasa manane, nikaingia shambani, na shambani nipo mpaka leo. Mume wangu Milomir ana ghala la baridi. Tunakusanya rasiberi za vijiji vya huku kilimani, tunazigandisha, tunaziuza nje. Tijana, mtoto wetu wa pekee, ndiye mdomo wa ghala. Anajua lugha tatu. Baba yake anajua moja, na ile nyingine ya kupiga meza.

Ossi Lehtola alikuja mara ya kwanza miaka mitatu kabla ya siku hii, kununua rasiberi za kiwanda chao cha mtindi. Alikuwa kijana mrefu, macho yake ya rangi ya maji ya kisima, na maneno yake ya kuhesabu. Siku ile ya kwanza alitandaza karatasi zake mezani kabla kahawa haijapoa. Milomir alitaka kumtoa nje. Tijana akamwahi, akamtoa yeye kwa upole. Sijui alimwambia nini kule uani, lakini Ossi aliporudi alikaa, akanywa kahawa yake yote, akauliza habari za mama mkwe wangu na mgongo wake. Jioni yake Tijana akamkalisha baba yake naye.

"Baba, mtu huyu akinyamaza hakudharau. Anafikiri."

"Dakika tano nzima?"

"Anafikiri vizuri."

"Mimi nikifikiri dakika tano nalala."

Wakaenda hivyo. Ossi akajifunza kubusu mashavu mara tatu, na kutokataa glasi ya pili. Milomir akajifunza kujibu barua siku ile ile, na akisema Jumanne, iwe Jumanne. Tijana alikuwa katikati yao na sindano yake, anashona huku, anashona kule, na katika kuwashona wale wawili akajishona mwenyewe humo humo. Mimi nililiona mapema. Alikuwa amesimama penye kipimajoto cha ghala, anamsomea Ossi namba ya baridi ili aiandike. Aliisoma namba ile ile mara tatu. Na Ossi, mtu makini vile, akaiandika mara tatu.

Vuli iliyopita Tijana alimleta kwenye slava yetu, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba, amemshika mkono. Kila nyumba hapa ina mtakatifu wake. Wetu ni Luka, na siku yake mlango haufungwi toka asubuhi. Ossi alichota kijiko cha ngano tamu, akafanya ishara ya msalaba kwa kuanzia upande usio wetu, watu wakacheka mpaka machozi, na Milomir akamkumbatia mbele ya padri. Baadaye wiki ile ile alimchumbia Tijana.

Kwetu sisi, aliyepokelewa siku ya slava mara moja, amepokelewa maisha. Mwaka unaofuata hatumwiti. Kumwita ni kumtukana, ni kama kumwambia ulikuwa umemsahau. Mwenyewe anajua tarehe, mwenyewe anakuja. Na asipokuja, na hana maiti nyumbani wala hajalazwa, basi ameikataa nyumba.

Katika yote ambayo Tijana alimfundisha Ossi, hili hakumfundisha. Hatukuona kama ni la kufundishwa. Nani anafundishwa kupumua?

Basi mwaka huu slava iliangukia Alhamisi. Ossi alifika mjini Jumatano, akalala hoteli ile iliyo karibu na mto, mwendo wa dakika kumi kwa gari kutoka kwetu, maana Ijumaa saa mbili alikuwa na kikao na Milomir cha mkataba mpya. Mimi na Tijana tulikuwa tunakunja sarma jikoni, nyama ndani ya majani ya kabichi, simu ya Tijana ilipolia. Akausoma ujumbe wa Ossi kwa sauti.

"'Nimefika salama. Kesho niko huru siku nzima.'"

Akatabasamu. Kisha tabasamu likamkauka.

"Mama, nimpigie nimwambie aje?"

"Aje wapi?"

"Hapa. Kesho."

"Kwenye slava? Unamwita mtu kwenye slava?"

"Yeye si wa huku, mama. Labda hajui."

"Mwaka jana alikula ngano ya nani? Anajua tarehe, tena kesho yuko huru, si amesema mwenyewe?" Nikaendelea kukunja kabichi. "Ukimpigia, watasema binti wa Milomir anamburuta mwanaume kwa kamba. Akikupenda atakuja. Iache simu."

"Lakini mama..."

"Iache simu, Tijana. Iweke kwenye droo, tuna kazi."

Akaiweka. Amezaliwa na mimi, amenizoea, akaiweka.

Na hapa niseme lililo gumu. Kilikuwapo kipande kidogo cha moyo wangu kilichotaka asije. Nilikuwa silali vizuri tangu uchumba ule. Nilimwona mwanangu katika theluji ya miezi sita, anazaa kati ya watu wasiosalimiana kwenye ngazi, na mimi naziona sura za wajukuu kwenye simu. Nikajiambia, acha Mungu aamue. Asipokuja, Mungu ameamua. Mungu gani huyo? Ilikuwa ni mimi na droo yangu.

Alhamisi watu walikuja tangu saa tatu. Milomir alisimama kutwa nzima, kama mwenye nyumba anavyosimama siku yake, anamimina, anapokea, na kila gari likipanda mlima anatupa jicho mlangoni. Pembeni yake, penye mshumaa, aliacha kiti kimoja. Hakumwambia mtu kiti kile ni cha nani. Watu wakakielewa, wakaanza.

"Yuko wapi Mfini wako, Milomir? Kagandia njiani?"

"Atakuja."

"Mwangalie kwenye ghala, huenda wamempanga na rasiberi!"

Milomir akacheka nao. Saa nane bado alicheka. Saa kumi hakucheka. Ndipo akaingia Gvozden, mfanyabiashara wa mji wa Čačak, anayekuja kila mwaka na kila mwaka anaziulizia rasiberi zetu.

"Heri ya slava, mwenye nyumba! Nikae hapa, au mnamngojea mfalme?"

Milomir akakitazama kiti. Akamtazama Tijana, aliyekuwa amesimama na sinia, uso wake umekuwa mweupe kama kitambaa cha meza.

"Kaa," akasema.

Tijana akarudi jikoni, kwa hiyo hakuona kilichofuata. Mimi nilikiona. Kwenye glasi ya tatu, Gvozden akanyoosha mkono juu ya meza, na mume wangu akaupokea, mbele ya mshumaa wa Mtakatifu Luka. Mavuno yote ya mwaka ule, na ya miaka miwili mbele, yakawa yameuzwa.

Wageni walipoondoka Tijana aliitoa simu kwenye droo. Palikuwa na ujumbe mmoja tu, wa saa kumi. "'Natumaini mnakuwa na siku njema,'" akasoma. "Siku njema! Kama benki inamtakia mteja." Akaizima, akaosha glasi zote peke yake, hakutaka nimsaidie.

Sasa ndiyo hiyo Ijumaa, meza tupu, na Ossi na mkoba wake magotini.

"Habari za asubuhi, baba Milomir," akasema kwa Kiserbia chake cha kuokoteza. Alikuwa amezoea kumwita hivyo.

Milomir akamwambia Tijana: "Mwambie rasiberi zimeuzwa."

Tijana akageuka. "Zimeuzwa kwa nani?"

"Kwa Gvozden. Jana."

"Zote?"

"Za miaka mitatu. Mwambie."

Tijana hakuhitaji kumwambia; Ossi alikuwa ameelewa, niliona mishipa ya shingo yake. Lakini akakaa vile vile, macho chini, nami nikasikia mashine za baridi zikinguruma ukutani.

"Unaona?" Milomir akasema. "Unaona, Tijana? Hata hajali! Nakunyang'anya mzigo wote, bwana, nawe unaangalia viatu!"

"Anafikiri, baba."

"Miaka mitatu nimemsubiri afikiri!"

Ossi akafungua mkoba. Akatoa karatasi za mkataba, akaziweka upande. Kisha akatoa karatasi moja, moja tu, iliyopigwa muhuri, akampa Tijana.

"Msomee," akamwambia. "Nilitaka nimpe jana. Nyumbani."

Tijana akasoma kimya kwanza. Nikaona midomo yake inacheza.

"Kwa sauti," Milomir akasema.

"Kampuni itafungua ofisi ya ununuzi hapa Arilje," Tijana akasoma, "mara tu mkataba wa miaka mitatu na ghala la Milomir utakapotiwa saini. Ofisi hiyo..." Akakwama. Akaanza tena. "Ofisi hiyo itaongozwa na Ossi Lehtola, atakayehamia Arilje kuanzia mwezi wa Januari."

Jamani. Theluji yote niliyomwogopea mwanangu, na huyu mtu alikuwa anahama yeye. Ameomba kazini, amehangaika kwa wakubwa wake, ili aje aishi chini ya mlima wetu.

"Hukuniambia," Tijana akasema kwa sauti ndogo.

"Nilitaka baba asikie kwanza. Wewe ulinifundisha hivyo, baba kwanza." Akaendelea kwa Kiserbia kile kile cha kuokoteza. "Nilivaa suti saa mbili asubuhi. Nilikaa kitandani, karatasi hii mkononi. Nikasema, nimemwandikia niko huru. Atapiga simu."

"Siku nzima ulikuwa kule hotelini?" Milomir akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka, ila hakutaka ijulikane. "Mlango wangu ulikuwa wazi tangu saa tatu! Mlinzi wa barabarani alikuja. Adui zangu wawili walikuja! Wewe ulikuwa unangoja mlango gani?"

"Sikuitwa."

"Hakuna anayeitwa!"

"Sikujua." Ossi akamtazama Tijana sasa, na mtazamo ule sitausahau, haukuwa wa hasira, ulikuwa wa mtu aliyesimama nje ya dirisha la watu. "Kwetu huingii nyumba ya mtu kwenye sikukuu yake mpaka akwambie anakutaka. Ukiingia tu, unamlazimisha. Saa nne nikasema, wana kazi. Saa nane nikasema, wamesahau. Saa kumi nikawatakia siku njema, ili mjue kwamba sijaisahau sikukuu yenu. Hamkujibu. Basi nikajua kwamba sitakiwi."

"Unatakiwa!" Tijana akalia. "Mungu wangu, Ossi, mbona hukuuliza?"

"Mbona hukusema?"

Tijana angeweza kujibu kwa neno moja, angeweza kuninyooshea kidole, na angekuwa na haki. Alisimama na karatasi ile, machozi yanamshuka, akanifunika. Mtoto amemfunika mama. Hapo nikashindwa.

"Alitaka kukupigia," nikasema. "Mimi nilimkataza."

Milomir akageuka taratibu. "Stanojka?"

"Jumatano, jikoni. Alisema labda hajui. Nikamwambia aiweke simu kwenye droo." Nilikuwa naongea na sakafu. "Nilisema desturi ni desturi. Lakini haikuwa desturi, Milomir. Ilikuwa woga wangu. Nilitaka asije, ili asinichukulie mtoto."

Tijana alikuwa anatafsiri kwa kunong'ona, maneno yangu mabaya yale, moja baada ya jingine, kwa uaminifu ule ule anaotafsiria bei na tani. Alipomaliza, Ossi aliinamisha kichwa kidogo.

"Asante kwa kuniambia," akasema.

Afadhali angenipiga.

"Mrudie Gvozden," nikamwambia mume wangu. "Mpigie sasa hivi. Mweleze."

"Nimwelezeje?" Milomir akaketi. Sijawahi kumwona ameketi vile, kama gunia. "Nimempa mkono, mwanamke. Mbele ya mshumaa. Mtu akirudisha mkono ule, nani atamletea rasiberi tena hapa? Nani atamwamini hata akisema leo ni Ijumaa?"

"Ninaelewa," Ossi akasema. "Mkono ni mkono." Hilo nalo tulikuwa tumemfundisha sisi, na alilijifunza vizuri. Akazikusanya karatasi zake, akazipanga pembe kwa pembe. "Bila mkataba hakuna ofisi. Lazima nirudi nikawaambie wakubwa wangu. Ndege ni saa tisa."

"Njoo nyumbani," nikasema. Nikamshika mkono wa koti lake, mimi niliyemfungia simu. "Leo ni siku ya pili, bado ni slava, chakula kipo, ngano ipo. Nakuita, Ossi. Kwa mdomo wangu. Unasikia? Nakuita."

Alinielewa bila Tijana. Akauweka mkono wake juu ya wangu, mkono wa baridi.

"Mama Stanojka," akasema, "jana ningekuja kwa miguu."

Akatoka.

Tijana akamfuata uani. Tuliwaona dirishani, mimi na Milomir, hatukusikia. Tijana akasema kitu. Ossi akasema kitu kifupi. Akanyoosha mkono kama anataka kumgusa uso, akaurudisha. Tijana alisubiri. Na Ossi alisubiri. Nikawaona wawili wale wamesimama mita moja, kila mmoja anamngojea mwenzake aseme, na nikataka kulivunja lile dirisha. Kisha Ossi akaingia garini, gari la kukodi, likateremka mlima.

Tijana alirudi ofisini. Hakuwa analia tena. Akaenda moja kwa moja penye msumari wa makoti, akachukua koti lake.

"Mmeagana vipi?" nikauliza.

"Nimemwambia samahani. Amesema asante."

"Hajakuambia uende naye?"

"Hajaniambia."

"Na wewe hukusema unataka?"

Akafunga kifungo cha kwanza cha koti, cha pili. "Nilimngoja aseme yeye."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Uwanja wa ndege. Na kama nimechelewa, kwao."

"Tijana, hajakuita!"

"Ndiyo, mama. Hajaniita." Akanitazama, macho yake mekundu, mtoto wangu, mtu mzima. "Mtu akiisha kupokelewa mara moja haitwi tena. Si ndivyo mlivyonilea? Nakwenda kuona kama nyumba ile ina mlango."

"Je, akikufungia?"

"Nitakuwa nimejua. Siwezi kukaa kitandani na suti siku nzima, mimi."

Nilimgeukia Milomir amzuie. Alikuwa bado ameketi, mikono mezani, anautazama ule wa kulia kana kwamba si wake. Akainuka. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akampa.

"Gari dogo halina mafuta," akasema. "Chukua la mizigo. Gia ya tatu ni ngumu, usiilazimishe."

"Baba..."

"Nenda upesi, la sivyo hutamkuta."

Tijana akamkumbatia, mara moja tu, haraka, kisha akapita mlangoni. Kwangu alisimama. Sikujua kama atanibusu au atanipita. Alinibusu, shavu moja, si matatu, akatoka mbio.

Lile gari la mizigo lilikohoa, likashika. Wanawake wa zamu wakatoka na aproni zao kutazama. Nami nikajikuta nakimbia uani, na viatu vyangu vya ndani, nyuma ya gari, hata mume wangu akadhani nakwenda kumzuia.

"Mwambie!" nilipiga kelele. "Ukimkuta, usimngoje aseme! Mwambie wewe! Sema kwa mdomo, mwanangu, neno kwa neno, usimwachie abahatishe!"

Dirisha lilikuwa limefungwa na injini inanguruma. Sijui kama alisikia. Nilimwona anaingiza gia ya tatu, gari likastuka, likashika njia ya Belgrade, na mimi bado nilikuwa napiga kelele.